Shimo Kwenye Sarafu ya Nesi

Jumamosi, 7 Juni

Sarafu tatu leo. Vidole bado vinanuka shaba hata baada ya kula. Nesi, jirani yetu, hataki zisafishwe kwa limau wala sabuni ya unga. Mswaki mkavu tu na kijiti cha meno, polepole. Anasema uchafu wa karibu miaka elfu mbili si uchafu tena, ni ngozi.

Kazi yangu ni kuandika. Macho yake yana ukungu, herufi ndogo hazioni. Kila sarafu iko na bahasha yake ndogo na kila bahasha naandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Ziko kumi na moja. Zote za Roma ya zamani, zote za wanawake. Upande mmoja ni mke wa Kaisari, nywele zimesukwa zikafungwa nyuma kama kitunguu. Upande wa pili ni mambo ya uzazi. Mwanamke ameshika masuke ya ngano. Mwingine pembe iliyojaa matunda. Nesi anasema Kaisari akipata mtoto alikuwa anatengeneza pesa ili habari ifike mpaka kwa muuza samaki.

Nesi alitunza mzee mmoja Italia miaka mingi. Mzee akakufa. Watoto wake wakachukua sarafu za dhahabu na za fedha. Za shaba wakamwachia Nesi.

Isipokuwa moja. Hiyo mzee alimpa mwenyewe, akiwa hai. Ndiyo naipenda kushinda zote. Mwanamke amesimama, watoto mikononi, wengine wamemshika nguo. Maandishi yamelika, zimebaki herufi chache tu juu ya kichwa chake. Nesi alisema alipewa siku alitoka hospitali. Nikangoja aseme hospitali ya nini. Akaniambia nipunguze moto.

Nesi hana mtoto. Kwa ploti yetu wamama wanaitwa kwa watoto wao. Mama yangu ni Mama Resian, kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Yeye ni Nesi tu.

Nashukuru kwa Jumamosi. Ni siku pekee naongea bila kujisikia nikiongea.

Jumanne, 10 Juni

Mwalimu wa historia anataka kila mtu alete kitu cha kale na akielezee mbele ya darasa. Mbele. 

Nilimwambia Nesi nikitarajia anionee huruma. Badala yake akaingia chumbani akatoka na ile sarafu, imefungwa kwa pamba ndani ya kichupa cha dawa. Haijawahi kutoka kwa nyumba yake.

"Usiipake kitu. Usimpe mtu."

Sikuweza hata kusema asante vizuri. Nilisema "sawa" kama mtu ametumwa maziwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeongea. Dakika tatu. Sauti ilipotea kidogo mwanzo ikarudi. Msichana wa nyuma akauliza, "Na huyo malkia amesukwa wapi, hapo steji?" Darasa likacheka na mimi nikacheka, nikaendelea. Mimi.

Nilikimbia kumwambia Nesi. Mlango una kufuli. Jirani anasema ameenda Makueni kwa mazishi, wiki mbili hivi. Basi kichupa kiko na mimi. Nimekiweka ndani ya soksi, soksi ndani ya begi.

Ijumaa, 27 Juni

Mashuuru, kwa Koko, mama yake mama. Likizo fupi, nimekuja na Mama. Kichupa nimekuja nacho kwa sababu nyumbani binamu zangu wanachokora kila kitu.

Mazungumzo yote ni ya Resian, ingawa hakuna anayeyasema waziwazi. Dada yangu ameolewa Kajiado mjini. Mimba mbili zimetoka. Hii ya sasa imefika miezi saba. Hakuna aliyenunua nguo ya mtoto. Hakuna anayesema jina. Mama akipiga simu anauliza tu kama amekula.

Koko anamshonea mkufu wa shanga wa kuvaa mpaka azae. Mweupe na wa kijani. Ameacha nafasi katikati. Hajaamua ataweka nini.

Jumamosi, 28 Juni

Nimefanya kitu kibaya sana. Siwezi kukiandika leo.

Jumapili, 29 Juni

Ninaandika.

Jana asubuhi nilimwonyesha Koko sarafu. Nilitaka tu aone. Sijui, labda nilitaka anisifu. Akaigeuza mara nyingi, akaileta karibu na pua kama anainusa.

"Huyu ni nani?"

Nikasema ni mke wa mfalme wa zamani sana.

"Na huyu?"

Nikasema ni mama wa watoto, wanawake wa huko walimpenda wakitafuta mtoto. Nikaanza kumhesabia watoto, akaniziba mdomo na kiganja. Watoto hawahesabiwi. Hata wa shaba. Nikamwonyesha kwa simu picha ya ile nyingine, yenye pembe inatoa matunda. Koko akasema huyo ng'ombe alikuwa mgonjwa. Tulicheka sana. Nataka kukumbuka kwamba tulikuwa tunacheka, kwa sababu hapo ndipo ilitokea.

Akasema, "Umefanya vizuri kumletea dada yako."

Sikujibu.

Hiyo ndiyo dhambi yote. Kungekuwa na neno moja tu la kusema. Nilikaa hapo na mikono kwa mapaja. Koko akachukua masizi ya sufuria kwa kidole, akaweka alama pahali pa shimo, juu kabisa, ili lisiguse mama wala mtoto. Akanituma kwa fundi wa mageti pale senta, kwa sababu shaba yenyewe ni nene, msumari hauwezi.

Nilibeba mimi mwenyewe. Kutoka kwa Koko mpaka senta ni nusu saa. Nilikuwa na nusu saa nzima ya kukataa na hakukuwa na mtu njiani isipokuwa punda.

Fundi alisema, "Unataka nitoboe pesa?"

"Ni Koko amenituma."

"Ni pesa ya wapi?"

"Ya zamani."

"Basi hainunui kitu. Lete."

Mashine ikalia. Unga ukaanguka kwa kiatu chake. Kwa nje sarafu ni ya kahawia na kijani, lakini ndani ya shimo iling'aa njano kabisa, kama imetengenezwa asubuhi hiyo. 

Na ukweli mwingine, kwa vile hakuna atakayesoma hapa. Sikuogopa Koko peke yake. Nilitaka pia. Nilifikiria Resian akiwa amelala akiangalia ukuta ile mara ya pili, nikaitaka iwe shingoni mwake. Niliiba, halafu nikajificha nyuma ya heshima.

Leo tumepitia Kajiado tukirudi. Mama, akidhani sarafu nimepewa, akamvalisha. Resian akashika sarafu na vidole viwili, akamwangalia yule mwanamke na watoto wake muda mrefu, akatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu mwaka jana. Alinikumbatia mimi. Tumbo lake likagonga langu. Kitu ndani kikapiga teke.

Jumanne, 1 Julai

Nesi amerudi. Aliniuliza langoni kama darasa lilikuwaje, nikasema zuri. Akauliza kichupa. Nikasema nimekisahau shuleni kwa dawati.

Uwongo ulitoka haraka kuliko ukweli wowote nimewahi kusema.

Jumamosi, 5 Julai

Sikuenda. Nilimtuma Mama aseme naumwa na tumbo.

Saa sita Nesi akaleta mwenyewe uji wa wimbi na vidonge, akishika ukuta kwa sababu ngazi hazioni vizuri. Akanigusa paji la uso. Akakaa kwenye kitanda mpaka nikamaliza uji wote.

Ninajichukia.

Jumatano, 9 Julai

Atafanyiwa upasuaji wa jicho moja Jumatano ijayo. Nilimsikia akimwambia Mama kwa kamba ya nguo. Mama akasema siku hizi hiyo ni kazi ndogo. Nesi akasema anajua, ameshika mikono ya wengi wakisema hivyo, lakini jicho ni jicho. Halafu akaniita.

"Niletee ile ya mama na watoto kabla ya siku hiyo. Nataka kuiona na hili jicho nililonalo."

Nikasema sawa.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika barua. Kwa mdomo sitaweza. Nimeandika mara nne. Nilikuwa nimeweka sentensi kwamba hata zamani wanawake walikuwa wanatoboa sarafu kama hizi wakavaa, nimesoma kwa simu, ni kweli. Nimeifuta. Ni kweli lakini niliiweka ili nijitetee.

Imebaki fupi. Nitampa, nitoke.

Jumamosi, 12 Julai

Nilimpa. Akaifungua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akanirudishia.

"Nisomee."

Sikuwa nimefikiria hilo. Wiki sita namwandikia kwa sababu hawezi kusoma, na sikufikiria.

Nikasoma. Nilisimama katikati ya sebule yake kama nimesimama mbele ya darasa, na nikasoma yote. Koko. Masizi. Fundi. Dawati la uwongo. Tumbo la uwongo. Nilipofika kwa uji nikalia, lakini nikamaliza.

Akavuta kiti, akakaa.

"Ulitembea mwenyewe mpaka kwa fundi?"

"Ndiyo."

"Kwa miguu hii?"

"Ndiyo."

"Enda nyumbani, Nasieku."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nimemwambia Mama kila kitu na yeye alipiga kelele kwa niaba ya wote wawili. Kisha akampigia Resian, akanipa simu nimwambie mwenyewe. Nilimwambia sarafu si yetu. Kwamba niliichukua bila ruhusa na mwenyewe anaitaka.

Nilitegemea alie. Aliniuliza tu Nesi anakaa nyumba gani.

Jumapili, 13 Julai

Siku ndefu kuliko zote. Niandike kwa mpangilio.

Resian alifika saa nne, peke yake. Mume wake yuko kazini Namanga. Alikuwa amevaa mkufu juu ya sweta, si ndani. Mama akamwambia aufiche mpaka tuongee. Akakataa. Alisema, "Sitauvua, Koko alisema ni mpaka nizae. Lakini sitajificha nao. Akitaka sarafu yake, aichukue kutoka shingoni yeye mwenyewe."

Tukaenda, mimi nyuma kabisa.

Nesi alifungua mlango. Hakusema karibu. Resian akapiga magoti na lile tumbo lake, pole pole, akishika fremu ya mlango, ili sarafu iwe karibu na mikono ya Nesi. Nesi akaishika. Akapitisha kidole gumba juu ya shimo. Akakipitisha kwa yule mwanamke, na kwa watoto, mmoja mmoja.

"Hakuguswa," akasema.

"Bibi yetu aliweka alama juu," Resian akasema.

"Sitasema ni sawa. Si sawa."

"Najua, Auntie."

"Inuka. Mbona unapumua hivyo?"

Resian akasema ni ngazi. Nesi akamkalisha. Mkono wake ukaacha sarafu ukaenda kwa mguu wa Resian, bila kuangalia, kama mkono unajua kazi yake. Akabonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba. Alipotoa, shimo likabaki kwa ngozi. Halikujaa.

Akauliza kichwa kinauma tangu lini. Resian akasema tangu Alhamisi, ni jua tu. Anaona vinyota? Kidogo. Amemwambia nani? Hakuna. Hakutaka kusema chochote kibaya juu ya hii mimba, kisije kikasikika.

Nesi akaniambia, "Ile mashine ya presha, juu ya kabati. Haraka." Hilo ndilo neno la kwanza aliniambia leo. Alipima, nikamsomea nambari. Akaniambia nizisome tena. Kisha akampigia mtu wa teksi, akavaa viatu, akamwambia Resian kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wataenda hospitali sasa hivi, na si kesho, na si baada ya chai.

Wamemlaza. Presha ilikuwa mbaya. Daktari alimuuliza Mama nani aligundua, Mama akamwonyesha Nesi, na Nesi alikuwa anatafuta ukuta wa kushika.

Kama ningeendelea kudanganya, Resian angekuwa Kajiado peke yake saa hii, na kichwa chake, akingoja jua lipungue. Hilo sitaki kulifikiria sana. Silitumii kujisamehe. Lakini asante Mungu. Asante Enkai. Kwa lugha zote nilizo nazo.

Jumatano, 16 Julai

Jicho la Nesi limefanyiwa. Mama alienda naye. Kila kitu sawa, anasema, ameletwa nyumbani na bandeji kama mtu ametoka vita.

Nilifua nguo zake, nikazianika, nikatoka kabla aamke. Sijui kama nimeruhusiwa.

Jumamosi, 19 Julai

Wamesema hawawezi kungoja tena. Resian atapasuliwa leo.

Nesi alikuja. Jicho na bandeji na yote. Muuguzi wa wodi akamwambia Resian avue pete, herini, shanga, kila kitu kibaki nje. Resian akashika mkufu kwa mikono miwili. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akiogopa waziwazi. Koko alisema usitoke mpaka azae.

Mama akanyoosha mkono auchukue, autie kwa mfuko. Resian akatikisa kichwa. Akamwangalia Nesi.

"Usikae kwa mfuko. Uvae wewe."

Nesi akasema yeye si wa kuvaa vitu kama hivyo. Akasema ni mzee, kwanza. Resian akawa tayari ameinua mikono. Nesi akainamisha kichwa. Mimi ndiye nilifunga nyuma, kwa sababu vidole vya Resian vilikuwa vimevimba.

Tulikaa kwa benchi la korido. Mama aliomba, akitembea. Nesi na mimi tulikaa. Baada ya muda akaanza kuongea akiangalia mbele, kama anaongea na ukuta wa pili.

"Wangu alikuwa wa miezi sita tumboni. Mvulana. Huko, mbali, sina mtu. Nikarudi kazini baada ya siku nne. Yule mzee hakujua aseme nini. Akafungua kabati akanipa hii, akarudi kwa kiti chake." Akashika sarafu. "Sikuwahi kuivaa. Niliifunga kwa pamba."

 Nikasema, "Pole." Halafu nikasema, "Pole kwa yote mawili."

Akanishika goti. Akaacha mkono hapo.

Saa kumi na dakika chache, muuguzi akatoka. Msichana. Mdogo sana, analia. Mama yake ako sawa. Mama akaketi chini sakafuni. Nesi alikuwa ametoa kitambaa, anafuta jicho lile zima, akinung'unika kwamba daktari alimkataza kulia wiki mbili.

Jumatatu, 21 Julai

Nimempigia Koko. Nimemwambia ukweli juu ya sarafu, na kwa nini Nesi alipewa. Akauliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia nilimwogopa.

"Mimi? Na meno yangu manne?"

Kisha akasema nimemfanya achukue cha mtu, na mtu hakumpa. Alisema hivyo bila utani. Atakuja mwenyewe kumwona mwenye kitu.

Nashukuru kwamba hakusema ni sawa. Watu wangu hawa wawili hawapendi kusema ni sawa kama si sawa. Nataka kuwa hivyo.

Jumamosi, 26 Julai

Nilikuwa nimekaa kitandani na viatu, sijui niende au nisiende. Saa nane Nesi akagonga dirisha letu na fimbo.

"Unangoja barua?"

Tulifanya sarafu mbili. 

Jumapili, 10 Agosti

Kajiado, kwa Resian. Mtoto ametoka hospitali Ijumaa. Anakunywa vizuri sasa. Analala kwa kifua, ndani ya leso, jinsi Nesi alifundisha, ngozi kwa ngozi. Bado hatujamwita jina, tunamwita tu huyu.

Koko alifika kutoka Mashuuru na maziwa. Nesi alikuwa tayari ndani, amekaa kando ya Resian kama askari. Mkufu bado ako nao. Resian hajauomba, yeye hajautoa. Hakuna aliyeamua. Ulibaki tu hapo juu ya sweta yake ya kijivu.

Koko aliuona. Akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane. Koko hajui Kiswahili cha kutosha na Nesi hajui Kimaa hata kidogo, basi nikawa katikati. Koko akasema nimwambie kwamba alitoboa kitu chake. Nikasema. Nesi akasema nimwambie mkono wake ulikuwa makini. Nikasema. Koko akasema nimwambie yeye pia alizika wawili kabla ya mama yangu. Hilo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Mama naye alikuwa mlangoni, na uso wake ulionyesha naye hakuwahi. Nikalisema kwa Kiswahili.

Nesi akaigusa sarafu. Koko akachukua mkono wake, akautemea mate kidogo kwenye kiganja, baraka, kama anavyotufanyia sisi. Nilianza kumweleza Nesi maana yake. Akasema ameelewa.

Baadaye Resian alilala. Mtoto akapewa Nesi. Koko akaegemea ukuta, amefunga macho, lakini halali. Upepo wa Agosti unapuliza vumbi kwa mabati. Hakuna mtu alikuwa anaongea na sikujisikia kwamba ni mimi natakiwa kuongea.

Koko akaniambia, bila kufungua macho, nimwambie huyo mama abaki mpaka jioni.

Nilimwambia. Nesi akasema sawa.

Nikaenda kuongeza maji kwenye chai.